Somo: Samaki wa maji chumvi anaumwa, utajuaje mapema

Haya jamaani, leo tuongee magonjwa manake kila wiki naletewa picha ya samaki kalala ubavu alafu naulizwa "maalim nimpe dawa gani", sasa wa kupewa dawa alikua wa juzi.

Kwanza kabisa mtazame kabla hujamlisha. Akikuona na chakula hata mgonjwa hujikaza aje kuomba, utadhani mzima. Simama mbali na kioo kidogo, hesabu mashavu yanafunguka mara ngapi kwa dakika, andika kwa daftari. Namba ya samaki wa mwenzio haikusaidii, unataka yake yeye akiwa mzima, ndio siku ikipanda ujue kuna neno.

Pili pima maji. Amonia na naitraiti (sumu zinazotoka kwa kinyesi na mabaki) ziwe ziro, chumvi 1.025 kwa kile kipimo cha uzito wa maji, joto 25 mpaka 27, na Februari yetu hapa Mombasa chumba kikifungwa joto lapanda na maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Wakihema juu wote kwa pamoja, anza kushuku maji au stima iliyopotea usiku (nunua pampu ya betri, ushanisikia mara ngapi). Na nyinyi mnaochota maji ya bahari pale Tudor wakati wa masika, yale maji yashachanganyika na mvua, pimeni chumvi kwanza.

Tatu ngozi, mulika tochi kwa ubavuni. Madoa kama chembe za chumvi, yahesabika: iki, mdudu wa madoa meupe. Vumbi laini halihesabiki, samaki akimbia mwanga na anakaa mbele ya pampu: velveti, mdudu mwengine huyo, na hiyo haingoji kesho. Nemo anabanduka ute kama ngozi iliyoungua, hiyo bruklinela, mdudu wa ngozi pia, yataka dawa ya formalini, dawa ya shaba haitaitibu. Kitatange ana ukungu wa jicho na ajisugua kwa mawe, shuku minyoo bapa, muogeshe maji yasiyo chumvi dakika 5, yawe hayana klorini na joto na pH sawa na ya tangini, minyoo utaiona imegeuka nyeupe yadondoka.

Sasa iki ndio iliyonitia adabu mimi. Kangaja wangu alikua na madoa, siku ya nne yakapotea, nikafurahi nikawapigia watu simu, kumbe mdudu ashashiba ameshuka mchangani kujifunga ganda azaane, wakarudi mamia na nikazika samaki watano. Kwahivyo madoa yakiondoka usitulie. Hamisha samaki WOTE tangi la pembeni, hata wasio na doa, tia dawa ya shaba ile mnaiita kopa kwa kipimo cha chupa na upime shaba kila siku, tangi kubwa likae bila samaki siku 76, mdudu akose samaki wa kumla.

MASUALI

Dada wa Likoni: Maalim kitunguu saumu si kinatibu iki?
Jibu: Chakula atakula kwa hamu, mdudu hafi.

Kaka wa Bamburi: nikiweka kamba wale wasafishaji?
Jibu: Mdudu yuko chini ya ngozi, kamba hamfikii. Mabaki ya chakula watakusafishia, iki hawataimaliza.

Wa Kisauni: mimi nishatia kopa tangi kubwa, kamba wote wamekufa na matumbawe yamenywea 😭
Jibu: Pole sana ndugu. Badilisha maji mara kadhaa, tia kaboni (yale makaa ya kuchujia maji), lakini mawe na mchanga vishanyonya shaba, itakua ikitoka kidogo kidogo. Usirudishe kamba wala matumbawe mpaka kipimo kisome ziro, tena si mara moja.

Dada wa Likoni tena: siku 76 tangi tupu sebuleni, wageni wakiuliza?
Jibu: Waonyeshe kaa na konokono, hao hawashikwi na iki.