Namna ya Kukaanga Bekoni Isijikunje

Kipande cha bekoni kilichojikunja kikaangoni hakiivi sawasawa, kwa maana sehemu zinazogusa chuma huungua hadi kuwa nyeusi, huku zile zilizoinuka zikibaki nyeupe na laini kama ncha ya sikio. Wengi hudhani kosa ni la nyama au la kikaango, ilhali mara nyingi kosa ni la moto, na ndiyo maana sitaanza na habari ya vifaa vya kukandamizia.

Katika kila kipande mnofu mwekundu umelala ubavu kwa ubavu na shahamu nyeupe, na viwili hivi havisinyai kwa mwendo mmoja. Mnofu ukipata joto hutoa maji na nyuzi zake huvutana upesi, na tishu zinazoushikilia huanza kusinyaa kwa nguvu joto likipita nyuzi 60 hivi za selsiasi. Shahamu nayo huyeyuka polepole, na huhitaji muda mrefu zaidi kabla ya kuachia mafuta yake. Upande mmoja unapovuta na mwingine ukiwa bado haujalegea, kipande hakina budi kujipinda. Moto ukiwa mkali tangu mwanzo, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi.

Tazama kwanza ni bekoni ya aina gani uliyonunua. Ile ya mgongoni, ambayo ndiyo iliyozoeleka Uingereza na ambayo hupatikana pia katika maduka makubwa ya Kenya, ina mnofu mpana uliozungukwa na ukanda wa shahamu, pengine pamoja na ngozi. Ukanda huo ukisinyaa hufanya kazi kama uzi wa mfuko unaovutwa, na kipande huinuka pembeni kikawa kama kibakuli. Dawa yake ni mkasi wa jikoni: kata ukanda huo kila baada ya sentimita 2 hivi, ukipenya shahamu na ngozi mpaka ufike kwenye mnofu, lakini usiukate mnofu wenyewe. Ile ya tumboni, ambayo Wamarekani huipenda zaidi, ina mistari ya mnofu na shahamu inayopishana, nayo hujikunja kwa mawimbi. Mkasi hausaidii sana hapo. Ikiwa unakatiwa mbele yako buchani, omba vipande vya unene wa milimita 3 au 4, kwa kuwa vile vyembamba kama karatasi hujikunja kabla hujageuka kuchukua mwiko.

Toa bekoni kwenye friji dakika 10 au 15 kabla ya kupika ili vipande viachane bila kuchanika, kisha vikaushe kwa karatasi za jikoni. Bekoni nyingi za viwandani zimedungwa maji ya chumvi, na maji hayo hutoka kikaangoni pamoja na protini yakafanya povu jeupe linalonata. Si uchafu, ila huizuia nyama kushika rangi, hivyo lifute likitokea.

Sasa panga vipande katika kikaango kilicho baridi, visipandane, ndipo uwashe moto mdogo. Hatua hii peke yake inapunguza kujikunja kuliko kifaa chochote nilichowahi kutumia, kwa sababu shahamu hupata nafasi ya kuanza kuyeyuka kabla mnofu haujakaza. Anayetumia jiko la mkaa asubiri makaa yafunikwe na majivu, kisha apunguze hewa kwa kufunga kimlango cha chini. Kingo zikianza kuinuka, geuza kipande, na usiogope kukigeuza mara nne au tano. Pale kinapokaidi, kikandamize kwa mwiko bapa kwa sekunde chache. Kwa moto huu kazi huchukua kama dakika 10, na ukiona unachelewa kazini, afadhali ukaange mayai.

Uzito nao una mahali pake. Kuna vyuma vizito vyenye mpini vilivyotengenezwa kwa kazi hii, lakini kikaango cha pili au sufuria yenye kitako bapa, iliyotiwa maji hadi theluthi moja, inatosha. Tandaza kwanza karatasi ya kuokea juu ya nyama, hasa ikiwa sufuria hiyo hukaa kwenye mkaa na kitako chake kina masizi, na uhakikishe kitako ni kikavu, kwani matone ya maji yakiingia kwenye mafuta ya moto huruka hadi usoni. Zamani nilikuwa naiacha sufuria juu mpaka mwisho, nikapata bekoni iliyonyooka kama rula lakini yenye rangi ya nyama iliyochemshwa, kwa sababu mvuke haukuwa na pa kutokea. Siku hizi naiondoa baada ya dakika 4, nyama ikiwa imeshaacha kuvutana, nikaacha rangi ijishike yenyewe.

Kwa wageni wengi tumia oveni. Tandika karatasi kwenye trei yenye kingo, panga vipande, funika kwa karatasi nyingine na trei ya pili juu yake, uoke kwa nyuzi 200. Baada ya dakika 10 ondoa trei ya juu, uendelee kwa dakika 5 hadi 10 nyingine huku ukichungulia, kwani dakika mbili za mwisho ndizo huunguza.

Kwa wasiokula nguruwe kuna bekoni ya ng'ombe, ambayo hufuata utaratibu huu huu, isipokuwa shahamu yake ni ngumu zaidi na huchelewa kuyeyuka, kwa hiyo tia kijiko cha mafuta ya kupikia na upunguze moto zaidi. Ile ya bata mzinga mara nyingi ni nyama iliyosagwa ikakandamizwa, nayo hujikunja kidogo tu.

Epua vipande vikiwa bado vinalegea kidogo kuliko unavyopenda kuvila. Bekoni ya moto ni laini, na hukakamaa inapopoa katika umbo lile lile ililolazwa, kwa hiyo usiirundike kwenye bakuli. Ilaze kwenye waya au kwenye sahani bapa yenye karatasi, na kile kipande kimoja kilichokushinda kikandamize hapo hapo kwa mgongo wa mwiko, kabla dakika haijaisha.