Jinsi ya kusoma shairi kama alivyofundisha I. A. Richards

Unasoma fasihi ya Kiingereza? Jaribu hii kabla hujakimbilia madesa. Richards, mhakiki wa fasihi wa Uingereza, alipokuwa anafundisha chuo cha Cambridge aliwapa wanafunzi mashairi bila jina la mtunzi, wanakaa nayo wiki nzima wanaandika walichoelewa, na wengi waliteleza vibaya, majibu yale ndo akayachambua kwenye kitabu chake cha 1929, Practical Criticism, baadaye akahamia Harvard. Sasa we chukua shairi, funika jina, lisome kwa sauti siku tofauti tofauti, kwanza andika linasema nini kwa maneno yako mwenyewe, hapo ndo pagumu kweli usiparuke, halafu hisia za mtunzi, toni yake kwa msikilizaji, na nia yake. Ukiandika "zuri" onyesha mstari wenyewe. Jina lifunue mwisho kabisa.