Namna ya Kuwafundisha Akina Mama Kufuma Mikoba kwa Nailoni za Mkate

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) cha Mbagala, Dar es Salaam, ambao kroshia waliijua tangu usichana wao lakini hawakuwahi kuishika wakiwa na plastiki mkononi.

Hatua ya kwanza: kukusanya

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tunategemea vifungashio. Mimi hupendelea nailoni za mkate kuliko zile zinazofunga katoni za maji, ambazo ni nene na huchosha vidole vya anayejifunza. Waachie gunia mama ntilie na wauza chai, ulipitie kila wiki. Mkoba mmoja wa sokoni hula nailoni 60 hivi.

Hatua ya pili: kuosha na kukausha

Mikoba yetu ya mwanzo tuliifuma kwa nailoni tulizoziosha zikiwa nzima, tukazianika kambani, na baada ya saa moja tukaziona zimekauka. Wiki mbili baadaye mteja aliurudisha mkoba wake ukinuka uvundo, na tulipoufumua tukakuta madoa meusi ya kuvu kwenye uzi, kwa sababu maji yalikuwa yamejificha kwenye mshono wa chini wa kila nailoni. Tulilazimika kufumua na mingine yote.

Kwa hiyo, kabla ya kuosha, kata mshono wa chini na ukingo wa juu ili nailoni ibaki kama bomba lililo wazi pande zote mbili. Igeuze ndani nje, maana makombo na mafuta hukaa ndani na ndiyo yanayoleta sisimizi. Tumia maji ya baridi na sabuni ya unga kidogo, kisha suuza mara mbili. Anika kivulini penye upepo, kwa kuwa nailoni inayoachwa kwenye jua kali siku nyingi hukakamaa na kupasuka. Baada ya saa moja igeuze tena. Usiliamini jicho: pitisha tishu ndani ya bomba, na ikitoka na unyevu, irudishe kambani. Wakati wa masika tunazianika ndani usiku kucha, na hata hivyo asubuhi tunazipima tena. Wapo wakufunzi wanaoipita hatua hii haraka ili wanafunzi wafike kwenye kufuma, nami naona wanawakosea akina mama hao, kwa sababu mnunuzi akisikia tu kwamba mkoba umetokana na taka, kwanza huunusa.

Hatua ya tatu: kutengeneza uzi

Kunja bomba kwa urefu wake, kisha likate kwa kukatiza, vipande vya sentimita 3. Kila kipande kikifunguka ni pete. Unganisha pete kwa kuipitisha moja ndani ya nyingine na kuirudisha ndani yake yenyewe. Vuta taratibu, kwani uzi uliokonda kwa kuvutwa ndio unaokatika mkoba ukibeba unga. Usiruhusu mtu aunganishe kwa moto: moshi wa plastiki ni sumu, na wengi wa akina mama hawa huja na watoto mgongoni.

Hatua ya nne: kufuma

Sindano ya kroshia iwe ya alumini, milimita 6. Ya plastiki hupinda. Anza na kitako, kisha panda kwa mzunguko. Mshipi wa kubebea upite chini ya kitako, usishonewe ukingoni tu.

Hatua ya tano: kupanga bei

Kila mama aandike saa alizotumia, kuanzia beseni hadi mshipi. Mmoja wao alikuwa ameandika bei ya shilingi 3,000, akisema nailoni aliziokota bure. Tulipozijumlisha saa zake zilifika 14, naye mwenyewe akachukua kalamu na kuifuta bei ile.