Acheni kuanika stroberi kwenye mabati

Tangu ienee habari kwamba unga wa stroberi hukinga saratani, wakulima wa milimani wamekuwa wakianika zile zilizokosa soko, kuzisaga na kuziuza. Biashara yenyewe haina ubaya. Bati ndilo linaloiharibu.

Wekundu wa stroberi ndiyo anthosayanini, mojawapo ya kemikali zinazochunguzwa kuhusu saratani. Mwanga, joto na hewa huivunja, na vimeng'enya vinavyoachiliwa tunda linapokatwa huimalizia. Kipande kilichoshinda juu ya bati la saa saba mchana, jioni kina rangi ya tumbaku. Hapo umebaki hasa na sukari na nyuzinyuzi. Kikinyeshewa umande usiku mbili tatu huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, husababisha saratani ya ini. Mteja alikuja kutafuta kinga!

Chuma umande ukishakauka, kabla ya saa nne asubuhi, tunda jekundu hadi kwenye kikonyo. Lenye bega jeupe liache shambani. Likishachumwa haliongezi utamu. Osha kikonyo kikiwepo ili maji yasiingie ndani, ndipo ukitoe.

Kata vipande vya unene wa milimita 5. Siyo "vyembamba kiasi": tumia rula mpaka mkono uzoee. Cha milimita 10 hukakamaa nje, ndani kikabaki na maji, na hicho ndicho kitakachoozesha chupa nzima. Loweka dakika 10 katika maji ya limau yaliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Ukali wa limau hulinda rangi. Chuja, panga tabaka moja, vipande visigusane.

Tumia kaushio la kabati, lile ambalo jua hupasha hewa joto pembeni na matunda hukaa gizani. Joto liwe kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi. Nunua kipimajoto, kiganja hakisomi nyuzi. Likivuka 60, fungua matundu ya hewa. Jioni funga kila upenyo.

Kikivunjika ka! kimekauka. Kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo 1. Ukisaga usichekeche mbegu, zina kwa wingi asidi ya elajiki, kemikali nyingine inayochunguzwa kuhusu saratani. Weka kwenye chupa kavu, gizani. Ukiona matone ndani ya kioo kesho yake, rudisha kwenye kaushio.

Sasa lebo. Jaribio la China lililochapishwa 2012 liliwapa watu wenye mabadiliko ya seli yanayoweza kutangulia saratani kwenye umio gramu 60 za unga kila siku kwa miezi 6. Kati ya 36, mabadiliko yalipungua kwa 29. Kwa kundi jingine, gramu 30 hazikufua dafu. Unga ule ulikaushwa kwa kugandishwa, siyo kwa jua, na hakukuwa na kundi lililopewa unga bandia ili kulinganisha. Gramu 60 kwa siku ni karibu kilo 18 za stroberi mbichi kwa mwezi, kwa hiyo kijiko kimoja kwenye uji ni habari nyingine kabisa. Usiandike "kinga ya saratani". Kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, haziruhusu chakula kutangazwa kuwa kinga ya ugonjwa kiholela. Andika: stroberi kavu, uzito, tarehe ya kukaushwa.