Pima nafasi yako ya PhD ya uhandisi kabla hujalipa ada ya maombi

Kila ikikaribia Septemba, vijana huniletea transkripti zao barazani kwetu Ngamiani, Tanga, na swali moja: "Kaka, nitapata?" Huwa tunapima hivi.

Hatua ya 1: GPA, yaani wastani wa alama zako zote za chuo. Vyuo vyetu vingi hupima kwa 5.0, daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Vyuo vingi vya Marekani hutaka angalau 3.0, ila hiyo ni kati ya 4.0. Usijigeuzie mwenyewe. Andika "3.6 kati ya 5.0", wao watapima. Kisha angalia alama zako za hesabu na za somo unalotaka kulitafiti, kwani ndizo zinazosomwa kwa makini.

Hatua ya 2: Tafuta profesa kwanza, chuo baadaye. Hapa usiwe na haraka. Mwanafunzi wa uzamivu (PhD) wa uhandisi hufanya kazi chini ya profesa, na mara nyingi hulipwa kutoka kwenye fedha za mradi wa profesa huyo. Mwaka jana nilikaa na binti mmoja wa Raskazone. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulihusu nondo zinazoliwa na chumvi ya bahari. Alinionyesha picha ya nguzo ya nyumba ya pwani: zege limebanduka, nondo imevimba kutu hadi unaweza kuimenya kwa kucha. Kazi nzuri kabisa! Lakini kati ya vyuo kumi alivyoorodhesha, sita havikuwa na profesa hata mmoja wa kutu ya nondo. Tukavifuta, majina makubwa na yote.

Kwa maprofesa wa vyuo vilivyobaki aliandika mistari sita tu: nimesoma makala yako hii, nimepima hiki, nimepata hiki, je, unachukua mwanafunzi mwakani? Ukijibiwa "omba", nafasi yako imepanda, ingawa bado si ahadi. Ukinyamaziwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili.

Hatua ya 3: Barua za mapendekezo. Marekani kwa kawaida ni tatu. Mara yangu ya kwanza nilimwomba mkubwa mwenye cheo asiyeijua kazi yangu. Akaandika kwamba nina nidhamu. Sikudahiliwa popote. Mwombe aliyekuona maabara ukirudia kipimo kilichokataa.

Hatua ya 4: Chagua nchi. Marekani unaweza kuingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Ujerumani kwa kawaida wanataka uzamili, na nafasi nyingi hutangazwa kama ajira.

Hatua ya 5: Piga hesabu. Chuo kisicho na profesa wako, kitoe. Kwa vilivyobaki, iandikie ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada ya maombi mapema, maana madirisha mengi ya maombi ya Marekani hufungwa Desemba. Ukipewa nafasi yenye ufadhili, vyuo vingi vya huko hukupa hadi Aprili 15 kujibu; subiri majibu mengine kabla hujasema ndiyo.