Maxima hatua kwa hatua: aljebra na kalkulasi kwenye laptopu yako, bure kabisa

Kalkuleta kila mtu anaijua, Excel nayo wengi wanaijua, ila mwambie mtu kuna programu unaiandikia x mraba toa 5x jumlisha 6 yenyewe inakurudishia mabano mawili yameshapangwa, atakuangalia kama unamtania. Ipo, inaitwa Maxima, ni programu huria na haina malipo. Mimi naitumia kuandaa maswali na kuhakiki majibu ya kidato cha tano na sita, na hapa naongea na mtu ambaye hajawahi kuigusa kabisa.

Ni mzee kidogo huyu. Imetokana na Macsyma, ambayo ilianza kutengenezwa MIT kule Marekani mwaka 1968, imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lisp, halafu William Schelter akaitunza kuanzia 1982 na mwaka 1998 akapata ruhusa ya kuitoa chini ya leseni ya GPL, ile inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Alifariki 2001 ila watu wakaendelea nayo mpaka leo. Kwa hiyo ukiona sura yake ya kizamani usiidharau, hata STACK, ule mfumo wa kusahihisha hesabu ndani ya Moodle (programu ya kufundishia mtandaoni) ambao Chuo Kikuu cha Maseno kule Kenya wameutumia, kinachokokotoa kule chini ni Maxima hiihii.

Hatua ya 1: kuinstoli

Unachotaka ni wxMaxima, ile yenye dirisha na menyu, maana Maxima tupu ni skrini ya kuandika amri tu na itakukatisha tamaa mapema. Kwenye Windows ukidaunilodi faili la Maxima, wxMaxima inakuja humohumo. Kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux) fungua terminal, uandike

sudo apt install wxmaxima

basi. Ya simu za Android nayo ipo ila kuandika alama kwenye kibodi ya simu ni kazi, mi nashauri laptopu hata kama ni ya zamani. Na ukishainstoli hauhitaji bando tena, kila kitu kinafanyika ndani ya mashine yako.

Hatua ya 2: amri ya kwanza

Fungua, andika hii, kisha bonyeza Shift na Enter kwa pamoja (Enter peke yake inashusha mstari tu, hapa ndipo wageni wengi wanadhani programu imekwama):

factor(x^2-5*x+6);

Inakupa (x-3)*(x-2). Kinyume chake ni expand, jaribu expand((x+3)*(x-2)), utapata x^2+x-6. Kila amri inaishia na nukta mkato, ukisahau wxMaxima inakuwekea yenyewe, na ukiweka alama ya dola badala yake inafanya kazi kimyakimya bila kuonyesha jibu.

Nyota ya kuzidisha ni lazima. Ukiandika 5x kama ulivyozoea kwenye daftari inakugomea, andika 5*x.

Hatua ya 3: alama tatu zinazowachanganya watu

Hapa tulia. Kwenye Maxima alama ya = haihifadhi kitu, ni ya ikwesheni tu. Ukitaka kuhifadhi thamani unatumia nukta mbili, na ukitaka kutengeneza fankisheni unatumia nukta mbili na sawasawa:

a: 7;
f(x) := x^2 + 1;
solve(x^2-5*x+6=0, x);

Ya kwanza inasema a ni 7 kuanzia sasa, ya pili inatengeneza f kwa hiyo f(3); itakupa 10, ya tatu inatafuta x na inakujibu x=3 na x=2. Tatizo linakuja pale umeandika x: 5 saa mbili zilizopita ukasahau, sasa unaomba solve au diff (ya difrensiesheni, tutaiona hatua ya 5) inakulalamikia vitu havieleweki. Maxima inakumbuka kila ulichohifadhi mpaka uifunge au uandike kill(all). Kwa hiyo kila nikianza swali jipya naanza na hiyo.

Hatua ya 4: ijue tabia yake kabla hujailaumu

Maxima haikimbilii desimali. Andika 1/3+1/6, inakupa 1/2 na sio 0.5, andika 2^100 inakupa namba nzima 1267650600228229401496703205376 bila kukata mkia. Hii ndo tofauti yake kubwa na kalkuleta ya mezani na ndo sababu naipenda, mwanafunzi akileta jibu lenye kipeuo nalinganisha kipeuo kwa kipeuo. Ukitaka desimali unaomba kwa float, mfano float(sqrt(2)). Na ukitaka tarakimu 50 za pai unaandika fpprec: 50$ kisha bfloat(%pi). (Pai ni %pi, e ni %e, usisahau hiyo asilimia mbele).

Mitego miwili sasa. Wa kwanza, pembe zote ni radiani, kwa hiyo sin(30) sio nusu, nusu ni sin(%pi/6). Wa pili ndo mbaya zaidi, log ya Maxima ni logi asilia, ile ya e! Ukiandika float(log(100)), unategemea 2 unapata 4.605 na kitu, ukitaka logi ya 10 andika log(100)/log(10) ndani ya float. Pia sqrt(8) itakuandikia 2^(3/2) badala ya 2 mara kipeuo cha 2, ni kitu kilekile, usibishane nayo.

Hatua ya 5: difrensiesheni na intigresheni

diff(x^3*sin(x), x);
integrate(x*%e^x, x);
integrate(x^2, x, 0, 3);

Ya mwisho ina mipaka, jibu ni 9. Ile isiyo na mipaka haikuwekei C, utaiongeza mwenyewe kwenye daftari. Na kuna kitu kinashangaza watu, ukiandika integrate(x^n, x) haikujibu, inakuuliza swali kwanza, kwamba n ni sawa na -1 au sio. Iko sahihi kabisa, maana n ikiwa -1 jibu ni logi. Mjibu no, inaendelea. Ukichoka kuulizwa andika kabisa assume(n>0)$ mwanzoni.

Hatua ya 6: swali zima, la bati

Una bati la sentimita 60 kwa 40, unakata miraba minne kwenye kona, kila mmoja upande x, unakunja upate trei isiyo na mfuniko. Ukate x ngapi trei ibebe kingi kuliko zote?

kill(all)$
V: x*(60-2*x)*(40-2*x)$
dV: expand(diff(V,x));
majibu: solve(dV=0, x);
float(majibu);

dV inatoka 12*x^2-400*x+2400, majibu yanakuja mawili yenye kipeuo cha 7, na kwa desimali ni 7.847 na 25.486 hivi. Hapa Maxima haikusaidii kuchagua, bati lina upana wa 40 huwezi kukata 25 kutoka pande zote mbili, kwa hiyo hilo la 25 linatupwa. Liangalie lilikokaa kwenye orodha, kwangu la 7.847 ni la kwanza, kisha (subst inaweka jibu hilo mahali pa x):

float(subst(majibu[1], V));
float(subst(majibu[1], diff(V,x,2)));
wxplot2d(V, [x,0,20]);

Ujazo unatoka kama 8450 sentimita za ujazo, yaani karibu lita 8 na nusu, ya pili inatoka hasi (kama -211.66) kwa hiyo ni kilele kweli, na grafu inakuonyesha kilima chenyewe. Mimi darasani naonyesha grafu kwanza, wakishaona kilele kiko wapi wanaelewa kwa nini tunatafuta pale dV ni sifuri.

Hatua ya 7: solve ikigoma

Ukiipa solve(x=cos(x), x); inakurudishia uleule ulioiandikia, haijaharibika, ikwesheni hiyo haina jibu la kuandikika kwa fomula za kawaida. Tumia find_root(cos(x)-x, x, 0, 1). Unaipa sehemu ya kutafutia, inakupa 0.739 na tarakimu nyingine nyuma. Hakikisha kwenye ncha moja fankisheni ni chanya na nyingine ni hasi, la sivyo inakataa.

Hatua ya 8: kuseivu

Seivu kama .wxmx, majibu na grafu vinabaki humo. Ukitaka kuweka fomula kwenye LaTeX (mfumo wa kuandikia nyaraka zenye hesabu) andika tex(dV), ukopi. Ila ukifungua faili kesho yake, majibu utayaona kwenye skrini lakini Maxima yenyewe haijui V wala dV ni nini, nenda menyu ya Cell chagua Evaluate All Cells kwanza ndo uendelee na kazi.