Jinsi ya kuomba pasi ya kufanya kazi kwenye maegesho ya ndege KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro)

Pasi hii huombi mwenyewe. Kuna vijana wanaotoka Moshi au Arusha, wanashuka njia panda ya KIA na bahasha mkononi, wanalipa bodaboda hadi getini, halafu wanarudishwa. Anayeomba ni mwajiri: kampuni ya kuhudumia ndege, ya mafuta, ya usafi au ya chakula. Tafuta kazi kwanza.

Ukishaipata, andaa barua ya mwajiri inayotaja kazi na eneo utakalofanyia, kitambulisho cha NIDA, picha ndogo na cheti cha polisi cha tabia njema. Anza na hicho cha polisi, maana kina mambo ya alama za vidole na ndicho kinachokula siku. Halafu linganisha majina herufi kwa herufi. Barua yangu iliandikwa Emmanuel, NIDA wananitambua kwa Emanuel. Hiyo m moja ilinirudisha Moshi mara mbili, nauli juu yangu.

Fomu ijaze bila kuficha kitu. Historia ya mwombaji huchunguzwa kabla ya pasi kutoka. Ndivyo ilivyo kwenye viwanja vya kimataifa popote duniani.

Kisha kuna mafunzo ya usalama, na hapo usisinzie. KIA abiria hushuka kwa ngazi na kutembea kwenye lami, kwa hiyo watu, matrela ya mizigo na injini viko karibu karibu. Jiulize: ndege imesimama, unaisogelea lini? Wengi watajibu, "Si imeshasimama?" Hapana. Tazama taa nyekundu inayomweka mgongoni na tumboni mwa ndege. Ikiwa bado inamweka, ihesabu injini kuwa inafanya kazi, hata kama husikii kitu kwa sababu ya vizibo vya masikio.

Tarehe 31 Desemba 2022, huko Montgomery, Alabama, Marekani, mfanyakazi wa mizigo alivutwa na injini ya ndege iliyokwisha kuegeshwa, akafa. Jenereta ndogo ya ndege, inayoipa umeme injini zikizimwa, ilikuwa mbovu, injini zikaachwa zikiwaka kwa muda, na wafanyakazi walikuwa wameambiwa mapema. Kitabu chao cha kazi kilitaka mtu akae zaidi ya mita 4.5 mbele ya injini, tena kikaeleza kwamba ikizimwa huchukua sekunde 30 hadi 60 kutulia. Subiri taa izimwe, kabari ziwekwe magurudumuni, na msimamizi aseme sogea.

Kuendesha trekta au gari ndani kunahitaji kibali kingine. Leseni ya barabarani peke yake haitoshi. Ukipoteza pasi, toa taarifa siku hiyohiyo.

Pasi lazima ionekane muda wote, ila ile ya kuning'inia shingoni ibane vizuri kwenye riflekta kabla hujasogelea ndege. Kofia iache ofisini.